Hori ya Udongo Mezani

(Mazungumzo yaliyosomwa katika redio, kipindi cha jamaa ya Kikristo, kabla ya majuma ya Majilio)

Leo twapenda kuzungumza hasa na jamaa zenye watoto wadogo, wale ambao bado hawajui kusoma, au ndio kwanza wanaanza kuunganisha herufi. Shule zimefungwa. Watoto wako nyumbani mchana kutwa, wanauliza kila saa watakula nini na watakwenda wapi, na Krismasi yaja.

Ukimwuliza mtoto wa kwetu Krismasi ni nini, jibu lake twalijua sote. Ni nguo mpya. Ni chapati na nyama, na soda. Ni kupanda gari kwenda kwa nyanya. Hatukuja hapa kulaumu chapati. Mama aliyeamka alfajiri kukanda unga ili watu ishirini wale na kushiba amefanya kazi ya upendo, na Bwana ameiona. Lakini twajua pia kwamba miaka haifanani. Uko mwaka mvua inakosa, au malipo ya kahawa yanachelewa, au baba anaachishwa kazi mwezi wa Oktoba. Mwaka huo hakuna nguo, wala nauli ya kwenda kwa nyanya haipatikani. Mtoto aliyezoea kwamba Krismasi ni nguo atasemaje mwaka huo? Atasema Krismasi imefika kwa jirani, kwetu haikufika. Tumewasikia watoto wakisema hivyo, tena mbele ya mama yao, naye mama akageuza uso.

Basi twauliza: je, kuna kitu tunachoweza kuwapa watoto wetu ambacho mwaka wa shida hauwezi kukichukua? Twaamini kipo, na vifaa vyake si vya fedha nyingi. Ni udongo, majani makavu, mishumaa michache, na nusu saa ya mzazi kila jioni. Hiyo nusu saa ndiyo ghali.

Tazameni jinsi Mungu alivyowaagiza Waisraeli habari ya watoto. Katika Kutoka sura ya 12 anawaamuru wachinje mwana-kondoo, wapake damu kwenye miimo ya milango, wale mikate isiyotiwa chachu pamoja na mboga chungu, tena wale wamevaa viatu kama watu wa safari. Kisha anasema habari ya siku ambayo watoto watauliza maana ya hayo yote. Katika Yoshua sura ya 4 ni vivyo hivyo. Watu kumi na wawili wanatoa mawe kumi na mawili katikati ya Yordani, yanasimamishwa Gilgali, na sababu inatajwa waziwazi, kwamba watoto watakaozaliwa baadaye watayaona na kuuliza. Twaona utaratibu hapo. Kwanza kiko kitu cha kushika, cha kuona, cha kuonja. Halafu laja swali la mtoto. Ndipo linapofuata jibu la mzazi. Wengi wetu hugeuza utaratibu huo. Twaanza na jibu, tena refu, kwa mtoto ambaye hajauliza neno, halafu twashangaa kumwona amesinzia.

Tena angalieni ni nani anayeulizwa. Ni baba na mama. Mwalimu wa shule ya Jumapili anakaa na mtoto wako saa moja kwa juma, pamoja na wengine arobaini, chini ya mti au katika chumba cha nyuma ya kanisa. Sisi tunaofundisha huko twaipenda sana kazi hiyo. Lakini mtoto hatoi maswali yake ya ndani mbele ya wenzake arobaini. Anayauliza jikoni, au anapoogeshwa, au taa inapokaribia kuzimwa.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Kwanza ni hori ya udongo.

Wale mlio mashambani mnajua udongo wa mfinyanzi unapatikana wapi, chini karibu na mto au kwenye bonde. Chukueni karai moja tu. Ondoeni mawe na mizizi, loweka usiku mmoja, kisha kandeni kama unga wa chapati mpaka usishike mikono. Changanyeni mchanga laini kidogo, ama majani makavu yaliyokatwa vipande vidogo sana, ili vitu visipasuke vikikauka. Kausheni kivulini siku tatu au nne. Mkiviweka juani mara moja, kesho yake mtaokota vichwa upande huu na miguu upande ule, na kilio kitakuwa kikubwa.

Wale mlio mjini, katika chumba kimoja au katika nyumba za ghorofa, mnaweza kufanya donge la vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi na kikombe kimoja cha maji. Linakandika vizuri, na likikauka huwa gumu kama kigae. Lakini ikiwa unga uliomo nyumbani ni wa kula, msiuchezee. Hatupendi mtoto ajifunze habari za Bethlehemu kwa kumwaga chakula huku jirani ana njaa. Yapo magunzi ya mahindi, yapo magome makavu ya migomba ambayo watoto wetu hutengenezea wanasesere tangu zamani, na yako magazeti ya zamani na uji mzito wa kuyagandishia. Boksi la sabuni likilazwa ubavu ni zizi tayari.

Kila mtoto na apewe kazi yake. Mkubwa afanye Mariamu na Yusufu. Wa katikati afanye wachungaji. Mdogo wa miaka mitatu apewe kondoo, kwa kuwa donge lolote lenye kuinuka mbele na nyuma laweza kuwa kondoo. Nyumbani kwetu yuko kondoo mmoja mwenye miguu mitano. Tulipouliza mguu wa tano ni wa nini, tuliambiwa ni wa kupumzikia. Msinyoshe kazi ya mtoto ili ipendeze machoni pa wageni. Akiona mzazi amemfanyia upya kondoo wake, atajua kwamba kondoo wake hakufaa, naye hatakaa mezani jioni ya pili.

Mikono ikiwa katika udongo, maswali huanza bila kuitwa. Hori ni nini? Mtoto wa shamba anaijua, maana ndipo anapomwekea ng'ombe majani ya napia kila asubuhi. Huyo anaweza kumfundisha baba yake. Mtoto wa mjini hajaiona, basi mwambieni ni sahani ya ng'ombe. Na hapo yule mtoto atanyamaza kidogo, kisha atauliza kwa nini mtoto mchanga alilazwa kwenye sahani ya ng'ombe. Msikimbilie kujibu. Mfungulieni Luka sura ya 2, mumsomee polepole, mumwache aone mwenyewe kwamba hawakupata nafasi.

Ni vizuri mzazi aisome sura hiyo kwanza peke yake, maana mengi tunayoyasema ni ya picha za kadi wala hayamo katika Biblia. Luka hakutaja zizi. Alitaja hori tu. Hakutaja ng'ombe wala punda. Wanyama hao wawili Wakristo wa kale waliwatoa katika Isaya 1:3, ambapo nabii anasema hata ng'ombe na punda wanamjua bwana wao, lakini Israeli hawajui. Mathayo naye hakusema mamajusi walikuwa watatu. Alitaja zawadi tatu. Tena asema waliingia nyumbani, wala si zizini, basi huenda siku nyingi zilikuwa zimepita. Na tarehe 25 Desemba haikuandikwa popote katika Maandiko. Orodha ya kale inayoitaja iliandikwa Rumi mwaka wa 354. Mtoto wa miaka mitano hana haja na habari hizo zote. Lakini atakapofika miaka kumi na tano na mwenzake shuleni akamwambia kwamba Krismasi ni uongo, itamsaidia kukumbuka kwamba baba yake alimtenganishia mapema yale yaliyoandikwa na yale yaliyoongezwa.

Hapa ndugu fulani atasema: je, hizi si sanamu? Swali hili si dogo, na katika makanisa yetu wako wazee wenye kumcha Mungu wanaoliuliza. Desturi ya kuonyesha hori inakumbukwa tangu Krismasi ya mwaka wa 1223, pale Francis wa Assisi alipoandaa hori yenye majani makavu, na ng'ombe na punda wa kweli, katika kijiji cha Greccio, Italia, ili watu wa kawaida waone kwa macho umaskini ule ambao Bwana alizaliwa nao. Yeye mwenyewe hakuchonga kitu. Maoni yetu ni haya: kitu ambacho mtoto hukifinyanga, hukichezea, hukiangusha, na baada ya sikukuu hukirudisha shambani kiwe udongo tena, hakuna mtu atakayekisujudia. Hata hivyo, ikiwa dhamiri ya mmoja nyumbani inasumbuka, msishindane mbele ya watoto. Fanyeni hori peke yake, bila watu. Au watoto wenyewe wawe Mariamu na Yusufu, wajifunge leso na mashuka, na mbuzi wa nyumbani awe mbuzi. Hori tupu juu ya meza nayo yaweza kumfundisha mtoto mengi.

Na hori hiyo ikae tupu kweli, tangu Jumapili ya kwanza ya Majilio mpaka mkesha wa Krismasi. Kama kanisa lenu halina desturi ya Majilio, hesabuni tu Jumapili nne kabla ya Krismasi. Wekeni kando yake fungu la majani makavu. Iko desturi katika nchi nyingi ya Kikristo, kwamba kila mtoto anapotenda wema anaweka jani moja katika hori, ili mtoto Yesu apate mahali laini pa kulala. Desturi ni nzuri, lakini tulipoijaribu tuliona ina mwiba ndani yake. Siku ya tatu watoto walikuwa wakihesabu. Huyu alisema ameweka saba, na yule ana manne tu. Mmoja alibeba kikombe cha babu yake kutoka mezani hadi jikoni na kukirudisha mezani, ili apate majani mawili. Farisayo mdogo alikuwa anazaliwa katika nyumba ile ile tuliyotaka azaliwe Kristo!

Basi tukageuza kanuni. Mtu haweki jani kwa wema wake mwenyewe. Anaweka kwa wema aliotendewa na mwingine, au aliomwona mwingine akiutenda, na anataja jina la huyo mtu. Wapendwa, jaribuni muone tofauti yake. Mtoto anayehesabu wema wake huangalia mikono yake tu. Lakini huyu sasa lazima aangalie watu. Jioni ya kwanza kukawa kimya, hakuna aliyeona kitu. Jioni ya pili jani moja liliwekwa kwa ajili ya mama, kwa sababu ya uji. Ilipofika juma la pili, mtoto mmoja wa miaka sita alichukua jani akasema ni la mlinzi wa usiku wa pale mtaani, kwa kuwa yeye hukaa nje kwenye baridi ili sisi tulale. Hakuna mtu mzima katika nyumba ile aliyewahi kumshukuru yule mlinzi. Kesho yake jioni alipelekewa chai. Na msichana anayesaidia kazi za nyumbani, ambaye katika nyumba nyingi jina lake hutajwa wakati wa kuitwa tu, alisikia jina lake likitajwa mezani pamoja na jambo jema alilofanya. Akina mama mnaosikiliza, mnajua jambo hilo lina uzito gani.

Habari ya mishumaa tutaisema kwa ufupi zaidi. Wengi wenu mmeona kanisani shada la majani lenye mishumaa minne. Wengine hudhani ni pambo la matajiri wa Ulaya. La, chanzo chake ni watoto maskini. Mwaka wa 1833 Johann Hinrich Wichern, Mlutheri wa miaka 25, alifungua nyumba karibu na mji wa Hamburg, Ujerumani, ya kulea watoto waliokuwa katika dhiki na uzururaji. Nyumba hiyo iliitwa Rauhes Haus. Yasimuliwa kwamba watoto wale walimsumbua kila siku kwa swali moja, kwamba Krismasi itafika lini. Basi mwaka wa 1839 alichukua gurudumu la mkokoteni mkuukuu, akapanga juu yake mishumaa mikubwa minne myeupe ya siku za Jumapili na midogo ishirini myekundu ya siku za kazi, na kila siku mmoja uliwashwa. Mwaka ule Majilio yalianza tarehe 1 Desemba, kwa hiyo siku zilikuwa 24 kamili. Watoto waliokuwa hawana kwao walihesabu siku za kuja kwa Bwana juu ya gurudumu la kutupwa.

Nyumbani kwenu sinia lenye mchanga latosha, na mishumaa minne ya kawaida ya dukani, na matawi machache ya msipresi au ya mti wowote wenye majani mabichi. Jumapili ya kwanza washeni mmoja, ya pili miwili, na kuendelea. Someni mistari michache, imbeni ubeti mmoja kutoka Tenzi za Rohoni, ombeni kwa maneno mafupi, kisha mzime. Dakika kumi, basi. Watoto wadogo hawawezi zaidi, na anayeongeza mahubiri hapo anaharibu. Tena angalieni moto. Mzazi mwenyewe awashe, yeye mwenyewe azime, na maji yawe karibu. Katika nyumba ya makuti au ya nyasi, au mahali penye mapazia na watoto wa kutambaa, msiwashe kabisa. Chora mishumaa minne kwenye kadibodi, na kila Jumapili mtoto apake moto wa mmoja kwa rangi ya manjano. Mtoto hatapungukiwa na kitu.

Jambo jingine, la mkesha, ni la chungwa. Ndugu wa Moravian, wale ambao wamishonari wao walifika Rungwe kusini mwa Tanganyika mwaka wa 1891, wana desturi ya kuwapa watoto mshumaa katika ibada ya Krismasi. Ilianza Marienborn, Ujerumani, mwaka wa 1747, ambapo kila mtoto alipewa mshumaa uliozungushiwa utepe mwekundu. Baadaye, mwaka wa 1968, shirika moja la Kikristo la watoto huko Uingereza lilianza kuueneza mshumaa huo ukiwa umesimamishwa juu ya chungwa. Chungwa ni ulimwengu. Utepe mwekundu unaolizunguka ni damu ya Kristo. Vijiti vinne vilivyochomekwa na kubebeshwa matunda ni mazao ya nchi. Kwetu karanga au vipande vya ndizi vinafaa. Mshumaa juu yake ni nuru ya ulimwengu. Mtoto wa miaka minne anaweza kueleza haya yote kwa nyanya yake bila kukosea, akiwa amelishika mkononi. Baada ya ibada analimenya na kulila, na jambo hilo nalo watoto hulipenda sana.

Sasa twataka kusema na nyumba ambazo Krismasi hii itakuwa nzito.

Mama mmoja wa ushirika wetu alifiwa na mumewe mwezi wa Agosti. Ilipofika Desemba hakutaka kusikia habari za sikukuu, na sisi hatukumlazimisha. Lakini watoto wake walikuwa wamefinyanga pamoja na wengine katika darasa letu, wakarudi nyumbani na zizi lao ndani ya boksi. Jioni moja tulipokwenda kumjulia hali tulikuta vitu vimepangwa juu ya stuli. Palikuwa na mtu mmoja zaidi. Hakuwa mchungaji, maana hakuwa na fimbo, naye amesimama nyuma kidogo, karibu na mlango. Tulimwuliza mtoto aliyemfanya huyo ni nani. Akasema ni baba, amekwenda kumwona Yesu, na pale anapokaa sasa anamwona kila siku. Mama yake alikuwa amesimama pale na sahani mikononi. Hakusema neno. Aliweka sahani chini, akaisogeza taa karibu na boksi ili ndani paonekane, akaketi sakafuni na watoto wake. Ndiyo mara ya kwanza, alituambia baadaye, kuzungumza nao habari za kifo cha baba yao. Alikuwa akingoja apate maneno. Mtoto alikuwa na swali lake tangu Agosti, naye alikosa mahali pa kuliweka.

Kwa hiyo msiogope maswali ya namna hiyo yakija. Msimwambie mtoto baba amesafiri. Msimwambie anyamaze kwa sababu ni sikukuu. Yule aliyelazwa katika hori alizaliwa chini ya mfalme aliyeua watoto, na Mathayo hakuficha kilio cha mama zao.

Na kwenu ninyi ambao mwaka huu fedha hazipo, mfanyeni mtoto afinyange njiwa wawili. Luka anaeleza kwamba Mariamu na Yusufu walipompeleka mtoto hekaluni walitoa ndege wawili. Ukirudi Mambo ya Walawi sura ya 12 utaona sheria yenyewe: mama aliyejifungua alitoa mwana-kondoo, lakini kama hakuwa na uwezo wa kupata mwana-kondoo, alitoa hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Hiyo ilikuwa sadaka ya maskini, nao waliitoa mbele ya watu wote. Wekeni njiwa hao karibu na hori. Mtoto akiuliza kwa nini mwaka huu hakuna nguo mpya, mjibuni kweli: hatukupata. Kisha mwonyesheni njiwa, mmwambie ni za nani.

Mkesha wa Krismasi, mtoto mdogo kuliko wote ndiye amlaze mtoto mchanga horini juu ya majani yaliyokusanywa. Kabla ya kumlaza, jaribuni kukumbuka majina ya wale ambao majani yao yamo humo. Hamtayakumbuka yote. Siku ya Krismasi yenyewe nendeni kanisani, mle, mpumzike. Msiwatafutie watoto kazi nyingine siku hiyo.

Mamajusi nao wasifike siku ile. Waanzie mbali, dirishani au juu ya kabati, wasogee kidogo kila siku, na wafike tarehe 6 Januari, sikukuu ya Epifania, wakati madaftari na sare za shule zinatafutwa. Hapo iko habari moja ambayo watoto wetu huifurahia. Uvumba na manemane ni utomvu wa miti ya nchi kavu, na miti ya jamii hizo huota hapa kwetu Kenya, kaskazini, pande za Wajir na Mandera, ambako wachungaji wa mifugo hukusanya utomvu huo na kuuuza. Ukipata kipande, kiwekeni kwenye kaa la moto, nyumba nzima inukie. Kwa mtoto, zawadi za mamajusi hazitakuwa tena maneno tu ya kitabuni.

Neno la mwisho ni la akina baba mlio kazini mbali na nyumbani, ambao likizo yenu ni fupi, au haipo. Fahamuni saa ambayo mama na watoto wanawasha mshumaa, mpige simu saa hiyo. Msianze kwa kuuliza kama fedha mlizotuma zimefika. Ulizeni nani ameweka jani leo, na kwa ajili ya nani. Kisha msikilize mpaka mtoto amalize, hata kama anazunguka.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyelazwa mahali pa kulishia ng'ombe, twakuombea watoto watakaokuwa peke yao jioni hii hadi mama arudi kazini. Twakuombea baba anayetafuta kazi, asirudi nyumbani kwa aibu. Mtie nguvu mama yule ambaye hii ni Krismasi yake ya kwanza ya ujane. Wape wazazi wanaotusikiliza masikio ya kusikia maswali ya watoto wao mwezi huu, na mahali wasipojua jibu, wape ujasiri wa kusema hawajui na kufungua Kitabu pamoja nao. Twaomba katika jina lako. Amina.

Jumapili ya kwanza ya Majilio ni juma lijalo. Udongo ulowekwe Jumamosi jioni.